Baiskeli ya Milimani ya Kwanza: Tazama Fremu Kabla ya Rangi

(Mazungumzo kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

 

Nimeambiwa zamu za kupokea pesa za kikundi zinaanza, na wengine wenu mnataka kununua baiskeli. Tena hamtaki Black Mamba. Mnataka hizi za milimani, zenye gia na tairi pana. Ni haki yenu. Black Mamba ni farasi wa kazi barabara ikiwa tambarare, lakini kwenye mlima kama wetu mwenyewe hushuka akasukuma. Ila pesa ya zamu haiji kila mwezi. Ukinunua vibaya, hata hiyo yenye gia utaisukuma mpaka zamu yako irudi.

Kwa hivyo tuzungumze, hasa na wewe ambaye hujawahi kuwa na baiskeli na umri umeshapita utoto.

1. SPRINGI ZISIKUDANGANYE

Ukifika dukani, ya kwanza kukuita ni ile mpya inayong'aa, yenye springi mbele na nyuma, na bei yake ni ya chini. Jiulize: kama bei ni ndogo hivyo na vitu ni vingi hivyo, wamepunguza wapi? Wamepunguza kwenye ubora wa chuma, gololi na gia. Springi za bei ya chini ni nzito, hulegea mapema, na fundi wetu hana vipuri vyake. Tena baiskeli yenye springi nyuma ni shida kuifunga karia.

Baiskeli hizi zilianzia California, Marekani. Joe Breeze alitengeneza fremu yake ya kwanza ya milimani mwaka 1977. Springi zilienea baadaye sana, miaka ya 1990. Wenyewe walikuwa wakishuka milima bila springi, na sisi tutaweza.

Kwa pesa ile ile, mara nyingi mtumba mzuri usio na springi hushinda mpya mbovu. Tafuta fremu ya chuma. Nenda na kipande cha sumaku, hata kile cha spika ya redio iliyokufa. Ikinata, ni chuma, na welda wa sokoni anaweza kukichomelea kikivunjika. Fremu ya alumini haishiki sumaku. Ni nyepesi, lakini ikipasuka si kila welda anaiweza.

2. IKUTOSHE WEWE

Simama ukiwa umeipitia baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote chini. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Isipobaki, ni kubwa kwako, hata ukipunguziwa bei. Kina mama mnaovaa rinda, tafuteni fremu ambayo bomba lake la juu limeinama.

3. KAGUA KABLA YA KULIPA

Fremu: pitisha kidole pale mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Rangi iliyojikunja au mstari mwembamba ni dalili ya ufa. Iache.

Magurudumu: inua, zungusha, tazama rimu ikipita kwenye breki. Ikiyumba kidogo fundi atakaza spoki. Ikiyumba sana ni rimu mpya.

Pedali: shika mkono wa pedali, usukume upande kwa upande. Ukicheza, gololi zimekwisha au zimelegea.

Cheni: weka rula. Pini ikianzia kwenye sifuri, pini nyingine iangukie kwenye inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 3, cheni imekwisha, na pengine imeshakula meno ya gia. Hapo utanunua vyote viwili.

Tairi: soma namba ubavuni. Tairi za 26 zimezoeleka. Miaka hii kuna 27.5 na 29 pia. Uliza kwanza duka la karibu nawe lina zipi. Tazama na valvu. Ikiwa ni ile nyembamba sana, pampu ya jirani huenda isiingie.

Karia: karibu na ekseli ya nyuma pawe na matundu ya kufungia karia. Bila hayo, mtungi wa maji utaubeba kichwani.

Mwisho, dai risiti iliyoandikwa namba ya fremu. Namba hiyo mara nyingi imegongwa chini, penye pedali. Asiyetaka kuandika, muache na baiskeli yake.

4. BREKI NA GIA

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu huumia. Mitumba hutoka nchi mbalimbali. Zile za Uingereza, breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Za Marekani huwa kushoto. Jua ya mbele ni ipi kabla ya kuteremka, na usiibane peke yake kwa ghafla, itakurusha.

Gia nyingi si sifa. Sifa ni gia nyepesi. Gia ndogo ya mbele ikiwa na meno 28 na kubwa ya nyuma 28, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Hapo hata mlima mkali unapandika polepole. Badilisha gia kabla mlima haujakubana.

5. USIMALIZE PESA ZOTE

Katika kila shilingi tano, lipa nne na ubakize moja. Hiyo ndiyo ya tyubu, mipira ya breki, pampu, solusheni na kofia ngumu. Mpe fundi wako kitu kidogo muende naye. Jicho lake litakuokolea nyingi.

6. KUJIFUNZA UKUBWANI

Nasikia mama mmoja akiuliza, "Na mimi mwenye miaka hamsini?" Mama, inawezekana. Teremsha kiti mpaka nyayo zote zifike chini. Toa pedali. Tafuta uwanja wenye mteremko mdogo, ujisukume kwa miguu mpaka uweze kwenda hatua kadhaa bila kugusa chini. Ndipo urudishe pedali. Ukishazoea, pandisha kiti, mguu uwe karibu kunyooka pedali ikiwa chini. Usipofanya hivyo magoti yatakuuma. Watoto watacheka siku mbili, ya tatu watakuomba uwabebe.

MASWALI YA KIKUNDI

Je, ni afadhali kila mtu anunue peke yake, au tununue za aina moja ili vipuri viingiliane?
Nani kati yetu atajifunza kuziba tyubu na kukaza spoki?
Spana na pampu za kikundi zitakaa kwa nani?