Herufi Zinapobanana

Msikilizaji, kama una karatasi na kalamu karibu, nifuate. Weka nukta upande wa kushoto wa karatasi. Mwombe mwenzako aandike herufi moja yenye urefu wa sentimita moja, ikae sentimita 10 kulia kwa nukta. Kaza macho kwenye nukta, yasihame. Herufi iko pembeni, lakini utaitambua. Sasa, kwenye karatasi nyingine yenye nukta kama hiyo, aandike herufi tatu zilizobanana za ukubwa uleule, ya katikati ikae umbali uleule. Kaza tena macho kwenye nukta, kisha jaribu kuitaja hiyo ya katikati. Unaona wino, unaona mistari, ila herufi yenyewe haikujii.

Wala huo si ukungu wa macho. Ukubwa haukubadilika, umbali haukubadilika. Zimeongezeka jirani tu. Kwa picha inayoingia kwa pembeni, ubongo huchanganya mistari ya herufi moja na ya herufi jirani. Mwaka 1970 mtafiti wa Uholanzi, Herman Bouma, alichapisha kipimo cha jambo hili katika jarida la Nature: ili herufi ya pembeni isomeke vizuri, jirani zake zikae mbali nayo kama nusu ya umbali kati yake na pale jicho lilipokazia. Kwa karatasi yako hiyo ni sentimita 5 hivi. Ukiikuza herufi bila kuiongezea nafasi, hujaisaidia sana.

Mtu mwenye macho mazima hasumbuliwi na hali hii pale anapotazama moja kwa moja. Lakini wapo watoto ambao jicho moja lilibaki nyuma tangu utotoni, ama kwa makengeza, ama kwa kuhitaji miwani pasipo mtu kujua. Ubongo ukaegemea jicho la pili. Jicho lile lililoachwa mara nyingi huchanganya herufi zilizobanana hata likizitazama moja kwa moja. Ziba jicho zima la mtoto huyo, umwonyeshe E moja ukutani, atakuonyesha kwa mkono miguu ya E hiyo imeelekea wapi. Mpe mstari wa E tano za ukubwa uleule, anaanza kukosea.

Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: kumpima mtoto kwa herufi mojamoja, zisizo na kitu pembeni, ni kumpa alama ambazo jicho lake halikuzipata. Anaambiwa yuko sawa, anarudi nyumbani. Na kwa kuwa jicho zima ndilo linalomsomea, mwalimu haoni tatizo, mzazi haoni tatizo, naye mtoto hajui kwamba wengine huona kwa macho mawili. Huku miaka inakwenda, na matibabu, yaani miwani na kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku, huleta matokeo makubwa zaidi yakianza kabla ya miaka 7.

Kwa hiyo, mzazi, ukimpeleka mwanao kupimwa macho, uliza: kila jicho limepimwa peke yake? Amesoma mstari mzima, au herufi mojamoja? Akiwa mdogo na mstari unamchosha, ipo kadi ya herufi moja iliyozungushiwa vijistari pande zote nne. Omba apimwe kwa hiyo.