Jino Lipi? Hofu ya Koleo na Maumivu Yasiyo na Mahali



Mgonjwa wa jino hufika kituoni na mizigo miwili: maumivu yaliyomnyima usingizi na hofu iliyomchelewesha. Kwa mazoea, maumivu huachiwa daktari, na hofu huachiwa mgonjwa mwenyewe aimeze. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mizigo hiyo ni mmoja. Anayeogopa hukaa nyumbani hadi tundu lifike kwenye kiini cha jino. Akija, ameshika shavu zima: "Daktari, ng'oa tu." Kwa haraka hiyo hakuna anayepima, na asiyepimwa aweza kupoteza jino zima akarudi nyumbani na bovu.

Kwa nini mtu asijue jino linalomuuma? Kiini cha jino kina neva za kuhisi maumivu, lakini hakina zile za kuuarifu ubongo mahali yalipo. Hizo zimo kwenye utando mwembamba unaoushikilia mzizi katika mfupa. Uvimbe ukiwa bado ndani ya kiini, maumivu hutangatanga. Gego la chini huumiza sikio, la juu husikika kwenye taya la chini, kwa sababu neva zao zote ni matawi ya neva moja ya uso. Kwa kawaida, hata hivyo, hayavuki kwenda shavu la pili. Uvimbe ukishafika kwenye utando, mgonjwa mwenyewe huweka kidole palepale.

Wilayani Meatu liko jambo jingine la kumpotosha anayelitafuta jino bovu. Maji ya visima vingi hapa yana floridi nyingi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya huota meno yenye mabaka ya kahawia, mengine yenye vishimo. Basi kinywa kikifunguliwa, jicho hukimbilia jino lenye rangi mbaya kuliko yote. Mara nyingi hilo halina kosa. Linalouma ni gego jeupe la nyuma, limetobokea ubavuni, mahali ambapo mswaki haufiki. Na mwenye meno ya kahawia, aliyezoea kuficha kinywa chake, huona aibu hata kukifungua mbele ya daktari.

Kulitafuta jino hakuhitaji mitambo mingi. Tabibu wa meno hugonga kila jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, akianza na yasiyoshukiwa ili mgonjwa ajue kugongwa kwa kawaida kukoje. Hugusisha kitu cha baridi na kuhesabu: maumivu yakikoma mara baridi inapoondolewa, kiini huenda bado kinaokoleka; yakiendelea kwa muda, kimeshaharibika. Humpa mgonjwa kipande cha pamba, zao analolilima mwenyewe, akiume kwa jino mojamoja. Uchungu ukimchoma anapoachia, jino hilo huenda lina ufa. Magego ya juu yakiuma yote kwa pamoja, hasa mtu akiinama, huulizwa kuhusu mafua kabla ya koleo kushikwa.

Hofu nayo hupimika. Mwaka 1969, Norman Corah wa Marekani alitunga maswali manne tu ya kuipima. Mwaka 1984, Ulf Berggren wa Göteborg, Uswidi, akaeleza mzunguko wake: hofu huzaa kukwepa, kukwepa huharibu meno, meno mabovu huleta tiba nzito, na tiba nzito huongeza hofu. Mzunguko huo una sababu ya kimwili pia. Ganzi ya lidokeini, iliyotengenezwa Stockholm mwaka 1943 na Nils Löfgren, hufanya kazi kwa udhaifu kwenye nyama iliyovimba na yenye usaha. Anayesimulia kijijini kwamba "sindano haikushika" huenda anasema kweli, na chanzo kikawa kuchelewa kwake. Dawa ya mzunguko huo ni makubaliano kabla ya kuanza: mgonjwa akiinua mkono, kazi inasimama; sindano inaingizwa polepole, ganzi inajaribiwa kabla ya koleo, na ikibidi inaongezwa.

Tanzania yenyewe ina mchango katika kuupunguza mzunguko huo. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti inayotoa floridi. Haitaki umeme wala mashine ya kuchonga, na mara nyingi haitaki sindano. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu. Lakini hufaa tu uozo ukiwa haujafika kwenye kiini.

Anayekwenda kituoni afike na majibu ya maswali haya: jino linaamshwa na baridi, moto au kutafuna? Uchungu hudumu kwa muda gani? Humwamsha usiku? Asikae nyumbani kwa nafuu ya muda: mafuta ya karafuu na vidonge vya maumivu humtuliza kwa saa chache tu. Antibiotiki haziponyi kiini kilichovimba. Shavu likivimba pamoja na homa, au kinywa kikishindwa kufunguka, au mate yakawa magumu kumeza, asisubiri kesho: usaha umeanza kusambaa, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.