Kwaya Yetu na Mazoezi ya Alhamisi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya walimu wa kwaya ya jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambini Dzaleka, Malawi)



Tumeombwa kueleza kwa ufupi kazi ya kwaya. Wengi wenu mnatufahamu kwa sare ya kitenge, na kwa zile dakika tano tunazopewa wageni wanapofika, gari likiwa limekwisha geuzwa tayari kwa safari. Hatukatai kuwaimbia wageni. Lakini leo tunataka kusema juu ya siku isiyo na mgeni, yaani Alhamisi.

Kwa nini Alhamisi? Ijumaa ndugu zetu Waislamu wana sala, na wapiga ngoma wetu wawili ni Waislamu. Jumamosi ni Sabato ya Waadventista. Jumapili kila mtu yuko kanisani kwake, na makanisa ya hapa mnayajua yalivyo mengi. Siku zilizobaki watu wanahangaika na sokoni na vibarua. Basi ikawa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, wanafunzi wakishatoka, katika darasa tunaloazimwa. Miezi hii ya Juni na Julai jua linazama mapema na baridi ya Dowa haina huruma, kwa hiyo saa kumi na moja na robo tunafunga, ili mabinti wafike nyumbani kabla ya giza. Hilo tuliwaahidi wazazi, na tunalishika.

Kabla ya kuimba tunaita majina. Watu wengine huona ni mambo ya shule tu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, ikakadiriwa kutosha watu kama 10,000. Leo tumepita 50,000. Katika wingi huo mtu anaweza kulala mgonjwa siku nne na jirani asijue, maana jirani mwenyewe amehamia juzi. Kwetu jina likiitwa likakosa mwitikio, watu wawili wanakwenda nyumbani kwake jioni ile ile. Wakati wa mvua tulimkuta hivyo mama mmoja wa sauti ya alto, mjane, ukuta wa nyumba umeanguka, naye amejibanza kwenye baraza ya jirani na watoto watatu. Matofali hayakauki wakati wa mvua. Vijana wa besi walisimamisha miti, wakafunga turubai, na Alhamisi iliyofuata mama alikuwa mazoezini. Hatujui ofisi ambayo ingejua habari hiyo mapema zaidi, wala hatusemi kwa kulaumu, bali ofisi haimwiti kila mtu kwa jina kila wiki.

Tunao mfuko. Anayechelewa hutoa kwacha mia mbili, na mweka hazina wetu hasamehi hata mwalimu. Fedha hiyo hununua sukari ya msiba, sabuni ya mama aliyejifungua, na mara moja moja mandazi, maana watu hawawezi kupatana na njaa. Ugomvi pia upo. Mwezi mzima tulishindana nani aongoze wimbo mmoja wa Kibembe. Tuna wimbo wa Kirundi, wa Kinyarwanda, wa Chichewa, lakini magomvi yote hufanyika kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe alivyotukanwa. Wengine huimba "kurara" badala ya "kulala", na tumekwisha acha kuwasahihisha.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tunafundisha kwa do-re-mi ya herufi, inayoandikwa d, r, m, f, s, l, t. Njia hiyo ilitokana na kazi ya mwalimu wa kike wa Uingereza, Sarah Glover, ikaendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, nasi tukaipata kwa wamisionari. Faida yake ni kwamba haitaki karatasi ya mistari mitano wala kinanda. Chaki na ubao vinatosha. Tuna mama wawili ambao herufi za kwanza kuzisoma maishani mwao zilikuwa hizo. Mmoja sasa anasoma majina ya dawa za mtoto wake.

Kuandika kulitusaidia pia kwa jambo la safari. Kiongozi wetu wa besi alipopelekwa Australia, nyimbo nne ziliondoka naye kichwani. Tangu hapo kila sauti ina watu wawili wanaoandika kila kitu katika daftari la jalada gumu.

Anayeondoka tunamwaga kwa wimbo na chai, na jina lake katika kitabu cha mahudhurio halifutwi. Katibu hulipiga mstari kwa penseli, si kwa wino. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watatu wetu tuliokwisha waaga wakabaki, nao walikuwa wameuza magodoro na masufuria. Dada mmoja wa soprano alikuja Alhamisi akakaa mwisho wa benchi, mbali na wenzake. Hakuna aliyemwuliza neno. Katibu alikuwa amefuta ule mstari. Alipofika kwenye jina lake aliliita kama kawaida, naye akaitika.

Mwaka 2023 vilevile, serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, wengi walifika hawana pa kulala. Waliojua kuimba tuliwaandika siku ile ile. Wasiojua pia.

Ndugu wa mashirika, ombi letu ni moja. Darasa tunaloazimwa hutumika kwa semina, na mara nyingi tunaambiwa siku yenyewe kwamba leo limechukuliwa. Tukifukuzwa, majina hayaitwi. Tunaomba Alhamisi, saa tisa na nusu hadi kumi na moja na robo, iandikwe kwenye ratiba kama shughuli nyingine zinavyoandikwa. Hatuombi posho.

Kwa wakazi: besi tunawahitaji sana, tena wawili. Mje na daftari na kalamu. Wenye watoto wachanga mje nao, migongoni. Wimbo mpya tunauanza Alhamisi ijayo.