Ukipenda, Chongo Huita Kengeza: Jicho la Mzazi na Neno Lake



Je, mzazi huiona sura ya mwanawe kama ilivyo? Methali ya Kiswahili ina jibu: "Ukipenda, chongo huita kengeza." Chongo ni kukosa jicho moja; kengeza ni macho yasiyoelekea pamoja. Kitenzi cha methali hii ni kuita, wala si kuona. Kwa hiyo methali haisemi kwamba upendo hupofusha. Mzazi ameiona kasoro. Alichobadili ni jina, akachagua lililo pole zaidi.

Katika Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, Kiswahili huzungumzwa bega kwa bega na Kisandawe, Kirangi na Kiburunge. Huko jambo hili si la urembo pekee. Mkoa wa Dodoma umejulikana kwa muda mrefu kwa maradhi ya vikope, yaani trakoma, ambayo huenezwa kwa mikono, nguo na inzi, na huwashika zaidi watoto wadogo. Maambukizi yakirudiarudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho, hata mtu akapofuka. Mzazi anayeyaita macho mekundu yenye tongotongo "vumbi tu" amechagua jina pole, na jina hilo humchelewesha kwenda zahanati.

Basi mzazi asinyimwe haki ya kumwita mwanawe mzuri. Uzuri hauna mizani. Lakini ugonjwa uitwe kwa jina lake, kengeza isije ikawa chongo.