Mjane katika Bara Hindi la Zama za Kati

 

Leo twataka kunena juu ya hali ya mwanamke katika jamii ya Wahindu wa zama za kati, nasi tutawategemea zaidi mashahidi wawili. Wa kwanza ni Al-Biruni, mwanachuoni aliyejifunza Kisanskriti, akamaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi yapata mwaka 1030. Aeleza kuwa mwanamke aliyefiwa na mume hakuruhusiwa kuolewa tena. Mbele yake palikuwa na njia mbili: kukaa mjane hadi kufa, au kujichoma moto. Naye asema moto ulipendelewa, kwa kuwa mjane aliteswa muda wote wa uhai wake. Lakini mwanachuoni huyo huyo hakuficha kwamba Wahindu waliwashauri wanawake katika mambo mazito. Hiyo ndiyo insafu.

Wa pili ni Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Huko Bara Hindi aliona wajane watatu wakiingia motoni, naye akakaribia kuanguka kutoka juu ya farasi wake. Aongeza kuwa jambo hilo halikuwa la lazima kwao. Ila aliyelikataa alivaa nguo duni, akaishi kwa jamaa zake hali ya kudharauliwa. Hiari ya namna gani hiyo?

Wala tusidhani sheria zao zilikuwa moja. Vijnaneshvara, yapata mwaka 1100, alimrithisha mjane asiye na mwana wa kiume, maadamu marehemu alikwisha kugawana mali na ndugu zake. Jimutavahana wa Bengal alikwenda mbele zaidi, akampa haki hiyo hata kama mali haijagawanywa. Wako wanahistoria wanaoona kwamba haki hiyo hasa ndiyo iliyowafanya baadhi ya mashemeji kuupenda moto. Serikali ya Kiingereza iliupiga marufuku huko Bengal mwaka 1829.

Twayasikia haya, ndugu zetu, tukasema: Alhamdulillahi, sisi hatuchomi mtu. Ni kweli. Mjane wetu ana thumni marehemu akiwa ameacha watoto, na robo akiwa hakuacha. Lakini ni mashemeji wangapi wachukuao funguo za nyumba na hati ya shamba kabla eda ya miezi minne na siku kumi haijakwisha? Na kadhi akiuliza, hujibu kuwa mjane amesamehe kwa hiari yake.