Joto ndani ya duka la dawa
Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya inapofunga maduka ya dawa yasiyo na leseni Kitui na Makueni, inatimiza wajibu wake. Lakini leseni iliyotundikwa ukutani haipunguzi joto. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Vidonge vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, kiwango kinachopitwa kwa urahisi mchana wa Februari chini ya paa la bati Kibwezi au Mutomo. Wapo wanaosema masharti makali ya uhifadhi yatafunga duka la pekee kijijini. Hoja hiyo ina uzito, maana hospitali iko mbali. Ila anayemeza dawa iliyoharibika hulipa na bado haponi. Wakaguzi wadai kipimajoto na daftari la kila siku. Nawe msikilizaji, kabla ya kulipa, uliza dawa ilihifadhiwa wapi.