MAZUNGUMZO: HAKI YA WATUNGAJI WA MICHEZO YA KOMPYUTA



Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mchezo wa kompyuta anaouchezea kijana kwa saa moja umeundwa kwa miaka na mtunzi wa kisa, mchoraji, mpigaji muziki na fundi wa programu. Anayeudurufu na kuuza nakala bila ya idhini huvuna asichokipanda.

Wapo wanaojitetea kuwa mnunuzi maskini asingemudu mchezo wa halali, kwa hivyo hakuna aliyepata hasara. Ni kweli kwamba si kila nakala ya wizi ni mauzo yaliyopotea. Hata hivyo, anayeumia zaidi si tajiri wa ng'ambo, bali ni fundi mdogo wa nchini asiye na soko jengine. Wasanii wa taarab wanaufahamu msiba huo tangu enzi za kanda: nyimbo zilisikika kila nyumba, na waimbaji wakabaki mikono mitupu.

Mfano wa Poland unafaa kuzingatiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 michezo ya kudurufu ikiuzwa hadharani katika soko la kompyuta mjini Warsaw. Mwaka 1994 nchi hiyo ilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, na mwaka huo huo vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, wakaanzisha kampuni ya CD Projekt kuuza michezo ya halali. Sheria peke yake haikutosha. Mwaka 1999 walipouleta mchezo wa Baldur's Gate, uliokuwa katika sahani tano, waliutafsiri kwa Kipoland, wakawaajiri waigizaji mashuhuri kuusemea, na sandukuni wakatia ramani na kitabu. Wateja waliona thamani ya fedha zao, wakanunua. Kampuni ikajijenga hata ikatengeneza mchezo wake yenyewe, The Witcher, uliotoka mwaka 2007 kutokana na hadithi za Andrzej Sapkowski, mwandishi wa huko huko, ukauzwa katika nchi nyingi.

Tanzania nayo ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Zanzibar ikapitisha Sheria ya Hakimiliki mwaka 2003. Kilichobaki ni dhamira ya watu. Mkuu wa ofisi ahakikishe kuwa kompyuta za umma hazitiwi programu za wizi, kwani hawezi kumkataza mwananchi jambo analolitenda mwenyewe. Mzazi aulize mchezo wa mwanawe umetoka wapi. Mfanyabiashara wa halali naye aweke bei inayolingana na vipato vya watu, kwani bei kali humpa mwizi wateja.

Ipo siku kijana wa Unguja au Pemba atatunga mchezo wake kwa Kiswahili. Siku hiyo atahitaji wanunuzi waliokwisha kuzoea kulipia kazi ya mtu. Mazoea hayo hayajengeki kwa siku moja, yaanze sasa.